Nilivyoifua hando ya Hawe Kadzo kwa sabuni ya lavenda

Wakuu, habari za huko mliko. Sina sababu ya kuwadanganya, maana katika uzi huu anayeaibika ni mimi mwenyewe, na sijamwona bado mtu anayetunga uongo ili ajiaibishe.

Niliporudi Malindi kutoka Uskochi nilikuwa na masanduku mawili. Moja la nguo. La pili lilikuwa na nyuzi za sufu, sindano za kufumia na diploma yangu ya ubunifu wa mavazi ya kufuma.

Diploma hiyo niliisomea jioni, miaka mitatu, na mchana nikipiga deki kiwanda cha masweta. Hakuna aliyenilipia hata daftari. Naitaja mapema kwa sababu nitairudia.

Wataalamu wa mtaa wakatoa hukumu zao siku hiyohiyo.

Mjomba Karisa wa Kilifi, kaka yake mama, alilifungua sanduku la pili akitafuta televisheni. Akatoa boshori, kofia ya sufu ya kufunika masikio. Akaivaa, jasho likamtoka kabla hajakifikia kioo.

"Joto tunalo, mpwa wangu," akasema. "Wewe umetuletea la kuvaa."

Bwana Jivan, ambaye ukoo wao umeuza vitambaa Malindi tangu babu wa babu yake, alinieleza kwa upole kwamba mablanketi yeye huuza mwezi wa saba tu, tena kwa wagonjwa. Akanihakikishia sitauza boshori hata moja. Mwingine akasema kufuma ni kazi ya wanawake wajawazito. Huyo simtaji, bado tunaswali safu moja.

Ninachowashukuru ni kwamba walisema mbele ya watu. Ilinisaidia kuwakumbuka.

Sasa, hawa wakuu wa uchumi hawakujua jambo moja. Sikukusudia kumuuzia mtu wa Malindi. Mama mmoja mwenye duka kule Uskochi alikuwa ameniahidi oda: kofia, glavu zisizo na vidole, na shali. Sharti lake, kila kimoja kitokane na mazingira au historia ya pwani yetu, hasa miaka ile ya elfu moja mia tisa na kumi na kitu, na kila kimoja kiwe na kikadi chenye kisa chake. Kisa cha kweli. Wazungu wa baridi hununua kofia, halafu wanataka kujua kofia imetoka wapi.

Kwa hiyo nikakopa.

Sikukopa shilingi. Nilikopa vitu.

Kwa Mzee Athumani wa mji wa zamani nilikopa kofia iliyoshonwa na babu yake, ya vishimo, nyeupe iliyogeuka rangi ya chai. Yeye mwenyewe bado hushona kofia, kwa hiyo hakunicheka. Nilimpelekea sampuli ya boshori yenye nakshi ya kofia ile, nikasubiri sifa. Hakuitazama. Aliigeuza nje ndani.

"Huku ndani pachafu," akasema.

Nikamweleza kwamba kitaalamu nyuzi hupita kwa ndani, na kwamba nina diploma. Akasema ni vizuri, na kwamba kichwa nacho kiko ndani. Nilifumua nikaanza upya mara mbili. Kisa cha kikadi alinipa alipoona ndani pametulia, si kabla.

Bwana Jivan, pamoja na hukumu yake, alinikopesha daftari la babu yake mkubwa lililobandikwa vipande vya vitambaa vilivyouzwa dukani miaka hiyo. Humo nilipata mistari ya glavu. Rangi zake nilizitoa Marafa, kwenye lile korongo lenye kuta za udongo: nyeupe, waridi, rangi ya chungwa na nyekundu, zilivyopandana ukutani. Nilikaa ukingoni asubuhi nzima na vipande vya sufu mkononi nikilinganisha. Watalii walinipiga picha wakidhani ni sehemu ya ziara.

Kilichobaki ni shali. Hapo ndipo shida ilipokuwa inanisubiri.

Hawe Kadzo wa Ganze ni dada yake bibi mzaa mama. Hawe ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kigiriama. Ana hando ya nyanya yake, ile sketi fupi ya marinda meupe waliyovaa mama zetu. Nyanya huyo ndiye aliyemlea, na hando ndicho kitu pekee chake kilichobaki. Huwekwa kwenye debe la bati, na Hawe hulifungua mara moja moja, ananusa, anafunika.

Alinikopesha kwa shingo upande. Alinipa kwa sababu nilimwambia dunia nzima itaona marinda ya nyanya yake. Mdomo wangu huo.

Niliipima. Nikahesabu marinda, nikayachora ili niyafume kwenye shali. Kwenye daftari langu niliandika, nayanukuu maneno yangu: "Pindo lina uchafu wa kahawia pande zote, kiasi cha vidole viwili."

Uchafu. Mtu mwenye diploma.

Wakuu, sisi wa kufuma tuna ada moja. Kitu hakipigwi picha mpaka kiloweshwe, kitandazwe, kipigiliwe pini pande zote kikauke katika umbo lake. Hando haikufumwa, ni kitambaa cha merikani, nilijua. Lakini mkono umeshazoea. Mama wa Uskochi alitaka picha, nami nikaona haya kumpelekea kitu kichafu chenye harufu ya moshi na mafuta ya mbarika.

Nikailoweka kwa sabuni ya sufu yenye harufu ya lavenda niliyokuja nayo.

Maji ya beseni la kwanza yalitoka kahawia, la pili kama chai ya maziwa, la tatu meupe. Nilijipongeza. Nilipiga picha, nikaituma, nikajibiwa kwamba ni ya kupendeza sana.

Kisha nikafunga safari ya Ganze kuchukua kisa cha kikadi. Hando nimeikunja kwenye karatasi laini, kama zawadi.

Nilimkuta Hawe anapukuchua mahindi. Nikamwamkia, nikakaa, nikampa. Alipangusa mikono, akaifungua, akaipeleka puani.

Akaishusha. Akaanza kulishika pindo, akalizungusha lote kwa vidole taratibu, mpaka akafika alipoanzia. Akalizungusha tena.

"Tope langu liko wapi?"

Nikamwambia, "Nimekufulia, Hawe."

"Nani alikutuma?"

Nikaanza kumsifia sabuni, kwamba ni ya sufu, haiharibu kitambaa.

Akanieleza polepole, kama anavyoelezwa mtoto aliyevunja kitu asichokijua. Waingereza walipowaondoa watu wetu kaskazini ya mto Sabaki, nyanya yake alikuwa bibi arusi wa juzi tu. Alivuka kwa miguu, na kapu la mbegu kichwani. Maji yalimfika mapajani, hando ikalowa pindo. Walipofika ng'ambo ya huku, wenzake wakafua nguo zao. Yeye akakataa. Akasema ataifua siku atakayorudi kwake.

Baadaye wengine walirudi. Yeye mume alikufa huku, watoto wakazaliwa huku, siku zikapita. Hando akaivua, akaiweka na tope lake, na kabla hajafa akamkabidhi Hawe maneno yaleyale: haifuliwi huku.

Imekaa zaidi ya miaka mia moja ikingoja. Mimi nimeimaliza kwa mabeseni matatu.

Hawe hakulia wala hakunifukuza. Ingekuwa nafuu. Aliikunja, akanirudishia.

"Siipokei," akasema. "Niliyokupa ina tope. Nenda nayo."

Nilirudi Malindi na hando begini. Wiki hiyo shali ilikuwa imekamilika, wakuu, na kwa kazi ya mikono siwezi kujidharau, ilikuwa nzuri: nyeupe tupu, marinda yote, pindo limenyooka kama rula. Mama wa Uskochi aliandika mara mbili kuuliza kisa. Ningeweza kumtungia chochote. Angejuaje?

Nilikaa na kikadi kitupu siku nne.

Siku ya tano nilichukua sindano nikalifumua pindo lote. Nikalifuma upya kwa sufu ya kahawia, kiasi cha vidole viwili, halijanyooka, mahali limepanda mahali limeshuka, kama nilivyolipima kwenye daftari kabla ya kujitia usafi. Kisha nikafuma shali ya pili kama hiyo. Moja ya oda. Halafu nikaandika kisa chenyewe, pamoja na sehemu yangu, pamoja na lavenda, nikakituma Uskochi na picha ya shali.

Nilidhani nitapoteza oda. Jibu lilikuja kwamba anataka shali kumi na mbili za pindo hilo, na kwamba yenye pindo safi nisitume hata moja.

Lakini hilo lilikuwa la Uskochi. Ganze bado nilikuwa mwizi.

Najua mmeanza kuniandalia maneno huko chini. Ngojeni niwape siku ya kulipa.

Nilimwomba Mjomba Karisa gari lake la mizigo. Aliuliza kama tunakwenda kuuza makoti jangwani. Nilipomweleza, akaja kuliendesha mwenyewe. Tulimchukua Hawe Ganze, akalala kwetu Malindi, na asubuhi yake nikaanza kulipa madeni.

Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu, mnajua. Kofia ya Mzee Athumani ilirudi na boshori ndani yake. Aliigeuza nje ndani, akatazama, akaivaa hivyohivyo kinyume. Nadhani hiyo ni sifa. Daftari la Bwana Jivan lilirudi na glavu za rangi za Marafa. Alizivaa kaunta, feni ikizunguka, akaniuliza kama naweza kumpatia jozi nyingine ya dada yake aliye Leicester. Sikumkumbusha hukumu yake. Haya, nilimkumbusha kidogo tu.

Kisha tukavuka daraja la Sabaki, mimi, Hawe na Mjomba, hadi ng'ambo ya kaskazini.

Hawe alishuka, akasimama kwenye ardhi ile muda mrefu akitazama miguu yake. Hakuwahi kuvuka maisha yake yote. Kushuka mtoni asingeweza, na viboko wa pale hawana adabu, kwa hiyo nilishuka mimi na ndoo. Nikamjazia beseni.

Nikampa hando. Safari hii aliipokea.

Alichovya pindo tu, akalisugua kwa viganja, hana haraka, hana sabuni. Mnaoijua Sabaki mnajua maji yake, mekundu ya kahawia mwaka mzima, huwezi kuona kidole chako. Mjomba alinitazama. Alitaka kusema kitu kuhusu kufua kwa maji kama yale, nikamkanyaga mguu.

Hawe aliikamua, akaiinua juani. Pindo lilikuwa na tope pande zote. Kiasi cha vidole viwili.

"Sasa imefuliwa," akasema.

Nikamtolea shali, ya pili, niliyomfumia yeye. Hakutazama marinda yaliyonimaliza macho. Alilishika pindo la shali, akaliweka kando ya pindo la hando, akalinganisha.

"Rangi umekosea," akasema. "Ila si sana." Akaivaa, pale pale, saa sita za mchana, joto la Malindi mnalijua.

Mjomba Karisa akamuuliza kama hasikii joto.

"Nasikia," akasema Hawe. "Twende."

Hilo ndilo nililojifunza, nanyi mlichukue bure: diploma yangu ilinifundisha kupima kila kitu, haikunifundisha kumuuliza mwenyewe kabla ya kuloweka. Siku hizi nikikopa kitu naanza na swali hilo, daftari baadaye.

Kwetu hakuna deni tena. Kama kwenu kuna kitu kwenye debe kisichofuliwa, andikeni hapa chini ni cha nani na kinangoja nini. Na yule wa wajawazito, najua unasoma. Kichwa chako nimeshakikadiria kwa macho, boshori yako inakuja.