Mayai Matano ya Tausi

Sikuwahi kuwapenda tausi wa mume wangu. Nalisema hili kwanza ili nisionekane mwema kuliko nilivyo. Walikuwa watatu, dume na majike wawili, uani kwetu Kariakoo, ndani ya banda la waya lililomeza mahali pangu pa kuanikia nguo. Wakilia alfajiri, wapangaji wote waliamka. Mume wangu alikuwa na malapa ya kuingilia bandani tu. Alisema kinyesi cha kuku kina ugonjwa unaokula ini la tausi, na mtu huubeba kwa miguu. Mimi nilifuga kuku sita upande wa pili wa ua. Nikivuka na malapa yale, alininunia siku nzima.

Ndiyo maana sikumwelewa alipomchukua kuku wangu mmoja, akamnywesha dawa ya minyoo, akamweka stooni ndani ya boksi la televisheni na kumwatamisha mayai matano ya tausi. Majike wake, alisema, hawatulii kwa kelele za mtaa. Ilikuwa Alhamisi. Jumamosi aliinama afunge viatu aende dukani, hakuinuka tena.

Nikaingia eda, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba. Wifi yangu, dada wa marehemu, akaja kukaa nami. Wapangaji waliwalisha tausi, mimi nikabaki na kuku wa stooni. Nilimpa maji na mtama, nikahesabu siku. Siku za eda na siku za mayai zilinichanganya. Asubuhi nyingine sikujua nahesabu zipi. Lakini kuku nimekua nao tangu Lindi, na kila mtu anajua hutotoa siku ya ishirini na moja.

Ikapita. Siku ya ishirini na tatu wifi alisimama mlangoni mwa stoo ameziba pua.

"Wifi, hayo viza. Yakipasuka humu, watu wa hitima watakaa wapi?"

"Mbona hayanuki?"

"Unangoja yanuke ndiyo ujue?"

Akayatoa, akayaweka kwenye ndoo karibu na mlango wa uani. Sikumzuia. Rafiki wa mume wangu anauza ndege sokoni, mwendo mfupi kutoka kwetu, na simu ilikuwa mkononi mwangu. Lakini nilifundishwa kwamba mwenye eda haongei na mwanamume wa kando bila haja, na sikujua kama yai ni haja. Kumuuliza mtu wa dini jambo kama hilo niliona aibu. Nikakaa na ile simu mpaka adhuhuri ikapita. Kisha, kwa kutaka kujua tu, nikachukua yai moja nikalivunja kwenye beseni.

Kifaranga alikuwa hai. Manyoya yake yalilowa, na kiini kilikuwa bado nje ya tumbo lake. Alifungua mdomo mara mbili. Nilimfunika kwa viganja kama vile baridi ndiyo iliyokuwa ikimuua. Akafa humo.

Nikapiga simu. Yule rafiki alikuja hapohapo, akasimama ukumbini, nyuma ya pazia la chumba changu.

"Shemeji, kuku ni ishirini na moja. Tausi ni siku ishirini na nane. Hakukwambia?"

"Hakuniambia, na mimi sikuwahi kumuuliza."

"Yalikuwa mangapi?"

"Matano. Moja nimelivunja. Alikuwa hai."

Wifi akadakia, "Mimi ndiye niliyeyatoa, usimlaumu huyu."

"Tangu saa ngapi?"

"Saa tatu." Sasa ilikuwa saa nane.

"Labda joto hili limewasaidia. Tia maji ya uvuguvugu kwenye beseni, kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Yaweke, usiyaguse. Maji yakitulia, niambie unaona nini."

Yote manne yakaelea.

"Kuelea si neno. Yanacheza?"

"Hapana."

"Usiyahemee maji, shemeji."

Nikaziba mdomo kwa upindo wa khanga. Yai moja likatikisika, kidogo, kama mtu aliyeshtuka usingizini. Kisha jingine.

"Mawili," nikasema. "Mawili yanacheza."

Mengine mawili hayakusogea, ingawa tulingoja mpaka maji yakapoa. Nyuma ya pazia nilimsikia akipenga kamasi.

"Yarudishe yanayocheza. Hayo mengine huenda hayakuwa na kitu tangu mwanzo."

Sikujua kama ananiambia ukweli au ananihurumia. Mpaka leo sijui, na sikuyapasua kutazama.

Wawili walianguliwa siku ya ishirini na tisa, kwa hesabu yangu. Nilicheka kwa sauti, kisha nikashtuka, nikamtazama wifi. Naye alikuwa anacheka. Yule rafiki muuza ndege alinielekeza kwa simu: wakae juu ya waya, wasikanyage udongo wa kuku, pawe pakavu. Niliwapondea yai la kuku la kuchemsha, mama yao wa kuazima akiwaonyesha kwa mdomo.

Wiki iliyofuata alipiga tena. "Shemeji, ukitoka eda utawafuga, au niwachukue?"

"Sijui."

"Wakikua watahitaji banda lao. Uamue."

"Dume ni yupi?"

Akacheka. "Hata marehemu alikuwa habahatishi mapema hivyo."

Nikamwambia asiwachukue kwanza. Halafu nikaenda kuwabadilishia maji.