Mfuko Uliokuwa Bado Umefungwa

Karwirwa alisingiziwa kuleta kifurushi kilichompofusha msichana wa watu, na mtu aliyejua ukweli alisimama kimya akimtazama akipandishwa gari la polisi.

Karwirwa alikuwa mfagiaji wa ofisi ya chama cha wakulima wa kahawa, juu kidogo ya Githongo. Hakusoma hata darasa moja. Kila Jumanne na Ijumaa alikwenda posta, Makutano, kuchukua barua za kijiji kizima, maana wote walitumia sanduku la chama. Mfuko aliufunga kwa kamba ya mkonge pale pale posta, na wa kuufungua alikuwa karani Mithika peke yake.

Ijumaa moja, wiki ya uchaguzi wa chama, alirudi akakuta kifurushi juu ya meza ya karani. Kimezungushiwa selotepu mizunguko mingi, kona moja imelowa mafuta, stempu zimejazana.

"Karani, hiki kimetoka wapi?"

"Nimekiokota mlangoni. Si wewe umekiangusha ukikimbilia chai?"

"Mfuko wangu huu hapa, bado umefungwa. Na hizo stempu hazijagongwa muhuri hata moja. Hicho hakijapita posta."

Mithika akacheka. "Kiende, anza kutafuta kazi nyingine. Leo huyu mama amejua kusoma!"

Kiende, mpiga taipu, naye akacheka. Akakiinua, akakitikisa karibu na sikio. "Labda ni kalenda."

"Kiweke chini, mwanangu. Polepole. Tutoke, tufunge mlango, tuite polisi."

Kiende akakiweka.

"Polisi waje kuangalia kalenda?" akasema Mithika. "Kiende, fungua. Na wewe mama, nenda ukafagie."

Karwirwa alimshika Kiende kiwiko, akamvuta. Msichana akajinasua kwa upole. Huo ulikuwa mwezi wake wa kwanza kazini. Akachukua makasi. Mithika akarudi nyuma ya kabati la mafaili. Karwirwa alikuwa nje, akiwafukuza wakulima waliosimama dirishani kungoja barua, aliposikia mlipuko.

Kiende alipoteza macho yote mawili. Mithika alitoka na vumbi kwenye koti. Polisi walipouliza, alijibu, "Barua huletwa na huyo mama." Akanyamaza hapo.

Siku tisa Karwirwa alilala seli. Kiende alipoweza kusema, alisema ukweli, ndipo Karwirwa akaachiliwa. Lakini kijijini walisema msichana aliyeumia vile atakumbuka nini? Kazi hakurudishiwa. Hadi leo, akishika kikapu sokoni, kuna wanaosogea kando. Na aliyekiweka kile kifurushi mlangoni hakutafutwa tena.

Mithika sasa ni mwenyekiti wa chama. Kila mwaka husimama mbele ya wanachama, akasema mengi. Mawili hajayasema: kwamba mfuko wa Karwirwa ulikuwa bado umefungwa, na kwamba ni yeye aliyemwamuru Kiende akifungue kifurushi. La kwanza ni deni lake kwa Karwirwa. La pili ni la Kiende, ambaye siku ya mkutano huletwa akishikwa mkono, akaketi mstari wa mbele, akasikiliza.