Kwa Lipi, Dada? Maisha ya Bi Mwatum wa Malindi

Bi Mwatum binti Mkadam, Mungu amrehemu, alizaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1959, na kabla hajatimiza miaka kumi na minne alikuwa keshahifadhi Qur'ani nzima. Aliolewa Malindi, ndani ya Mji Mkongwe, na hapo kwa zaidi ya miaka thelathini alisomesha mabinti na kuosha maiti wa kike wa mtaa wake. Watu walimhesabu mtu wa peponi, naye, tusifichane, alikuwa keshaanza kuamini hivyo.

Mwaka 2023 alipata nafasi ya Hija. Kama ilivyo ada yetu, msafiri huzunguka kwanza kuomba radhi, basi naye akapita nyumba hadi nyumba: "Nisamehe ninayoyajua na nisiyoyajua." Kila mlango ulimjibu, "Nshakusamehe, nawe nisamehe," chai ikanywewa, akaaga. Mwisho alikwenda Bwejuu kwa mdogo wake, Nassra, mkulima wa mwani. Nassra alimwamkia, akamtandikia mkeka, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kwa lipi, dada?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Bi Mwatum aliinuka mkekani, akaaga. Alirudi mjini, na siku ya tatu akampelekea Sheikh Wakil, kiongozi wa msafara, habari iliyouduwaza mtaa mzima: haendi. "Bi Mwatum, watu wanaililia nafasi hii!" alimaka sheikh. "Mpe mwenzangu," alijibu. "Mimi sijui naomba radhi ya nini."

Tangu hapo, kila baada ya swala ya alfajiri, alibaki juu ya msala ukumbini kwake, macho kayafumba, mpaka jua limfikie magotini. Siku za mwanzo zilimtisha. Yeye aliyeibeba Qur'ani kifuani aliona hawezi kukaa na nafsi yake hata kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Mara alifikiri mchele, mara majirani, mara alijikuta anajisifu. Alijifunza kutokimbia. Alifuata pumzi zake, akalitaja jina la Mola, akarudia swali moja tu: nilimfanyia nini Nassra? Hata nyumbani alibadilika, akawa anauliza jambo na kungoja jibu. "Mama, kwani unaumwa?" aliuliza bintiye, Riyama, ambaye hakuzoea kusikilizwa.

Asubuhi ya siku ya thelathini na nane jibu lilikuja. Mama yao, Bi Mayasa, alifariki mwaka 2012 katika ukumbi ule ule, baada ya kuuguzwa na Bi Mwatum miaka mitatu. Alizikwa adhuhuri, na Nassra alifika alasiri, udongo wa kaburi umeshamwagiwa maji. Miaka kumi na moja Bi Mwatum aliwaambia watu wote kuwa alimpigia Nassra na simu haikushika. Sasa, macho kafumba, aliuona mkono wake mwenyewe: simu iko kiganjani, jina la Nassra liko kwenye kioo, na kidole hakikubonyeza. Hakupiga! Alitoa ukelele mpaka Riyama akaja mbio. Uongo ule alikuwa ameurudia hata mwenyewe akauamini, akawa anaswali na kuosha maiti za watu akiwa nao. Tunayaandika haya huku tunatetemeka, maana nasi tulimbusu mkono miaka yote hiyo.

Siku ile ile alikwenda Bwejuu. "Nassra, sikukupigia. Simu ilikuwa nzima. Miaka mitatu nnamuuguza mimi, na neno lake la mwisho likawa jina lako. Nikaona wivu, nikakunyima maziko ya mama."

"Siku ile sikwenda mwani," alisema Nassra. "Uliniambia nisije, utanipigia hali ikibadilika. Nlikaa barazani na simu mapajani. Nlijua zamani, dada. Lakini hilo la kuwa aliniita... Nlidhani mama kafa hakunikumbuka."

Radhi haikutoka siku ile. Ilitoka baada ya wiki tatu, Nassra alipokuja Malindi kwa hiari yake, akakaa ubavuni mwa dada yake juu ya msala, wote kimya, mpaka jua likawafikia. Ndipo akamshika mkono. "Kwa hilo," alisema, "nimekusamehe." Tangu hapo hawakupitisha mwezi bila ya kukaa pamoja hivyo.

Bi Mwatum hakujaaliwa kwenda Hija. Alifariki asubuhi ya Ijumaa moja ya Februari 2025. Kabla ya kukata roho aliomba simu, akabonyeza mwenyewe, nayo ikashika kwa mlio wa kwanza. "Nassra, njoo." Masheikh walitaka kuiwahi swala ya Ijumaa, lakini Riyama alisimama mlangoni: "Haoshwi mtu mpaka mama mdogo afike." Jamaa wote wakangoja. Waoshaji wanasimulia, nasi hatuongezi neno, kuwa simu ile ilikuwa bado kiganjani mwa marehemu na hakuna aliyeweza kuibandua. Nassra alipoingia na kuushika mkono ule, vidole vilifunguka. Akamwosha yeye.

Siku hizi Malindi, anayeombwa radhi huuliza, "Kwa lipi?" Asiye na jibu hurudi kwake akakae kwanza. Mola atujaalie nasi ndugu wa kutuuliza hivyo, na atuulize tungali hai.