Usiipe Kompyuta ya Ami Thredi Zote

Naikumbuka Jumamosi moja, Sauda mwanangu, ambayo Ami Athmani aliinuka kwenye kiti chake dukani akainyooshea kompyuta kidole kana kwamba amefumania mwizi. Usicheke kwamba nimekuita mwanangu. Najua mimi ni dada yako tu na hata sekondari sijamaliza, lakini wazee wote wanaotoa nasaha huanza hivyo, na leo nina nasaha. Mwezi ujao nakwenda shule ya bweni, na kiti changu dukani kwa Ami utakikalia wewe. Mambo haya kuyasema kwa mdomo siwezi. Nitaanza kutafuta maneno, na kabla sijayapata wewe utakuwa umeshaondoka. Kwa hivyo nimeyaandika kwenye shajara yangu. Soma kurasa hizi tu. Za nyuma si zako.

Duka la Ami unalijua: kuchapa barua, kutoa kopi, kupiga picha za pasipoti. Usichojua ni kwamba katikati ya mteja mmoja na mwingine kompyuta ile hukaa bure. Madam Njeri, mwalimu wa klabu yetu ya kompyuta, alitueleza kuwa kuna wanasayansi wenye hesabu kubwa mno, ambazo mashine yao moja haiwezi kuzimaliza hata kwa miaka. Basi huzikata vipande vidogo na kumgawia yeyote duniani aliyejitolea kwa kompyuta yake. Unaweka programu, inachukua kipande, inapiga hesabu, inakirudisha kwa mtandao, inachukua kingine. Hulipwi. Mara nyingi hata huambiwi kipande chako kimesaidia nini.

Mradi tuliouchagua ulikuwa wa selimundu, ugonjwa wako huo wa damu. Wiki hiyo wewe ulikuwa umetoka hospitali, miguu bado inakuuma, na mama anakubeba mpaka chooni. Nakwambia ukweli, ndicho kitu pekee nilichoona naweza kukufanyia bila ya kulazimika kuongea na mtu. Hata kumwomba Ami ruhusa nilimtuma Fumo, kwa kuwa Ami ni baba yake. Ami alikubali kwa sharti moja: mteja asingoje.

Fumo ndiye aliyeipanga programu. Unamjua Fumo, kitu akikigusa lazima kiende mpaka mwisho. Programu ikauliza itumie thredi ngapi, naye akaandika nane, zote. Hapo nisimame kidogo nikueleze, maana siku moja swali hilo utaulizwa wewe.

Prosesa ndiyo sehemu ya kompyuta inayopiga hesabu. Ile ya Ami ina viini vinne, fanya kama ni wapigaji hesabu wanne ndani ya sanduku moja. Kila kiini kinaweza kushika kazi mbili kwa pamoja, na hizo nafasi za kushikia kazi ndizo thredi. Viini vinne, thredi nane. Lakini kiini kikishika kazi mbili hakigeuki kuwa viini viwili. Ni kama mimi na wewe tunapooshea vyombo kwenye beseni moja. Wewe ukisugua sufuria mimi nasuuza vikombe, na kweli tunamaliza mapema kuliko mmoja akiwa peke yake, lakini si mapema mara mbili, kwa sababu beseni ni lile lile na mikono yetu inagongana.

Fumo hakuyajali hayo. Alipenda kuona mistari minane ya kijani ikisogea kwenye skrini. Aliwaita rafiki zake waje kuitazama.

Mimi nilikaa kiti cha nyuma, na kwa sababu siongei, natazama. Niliona mistari inasogea kwa kujikokota. Niliona kumbukumbu ya kompyuta, ile RAM, imejaa, kwa kuwa kila kazi hutaka nafasi yake na hapa zilikuwa nane zinagombania. Ikijaa, kompyuta huanza kuhamisha vitu kwenye diski na kuvirudisha, na safari hizo zinakula muda. Halafu joto. Chumba cha Ami hakina dirisha la upande wa bahari, feni ya ndani imeshiba vumbi, na prosesa ikipata joto sana hujipunguzia mwendo yenyewe isiungue. Kubwa kuliko yote, kila kazi ina siku yake ya mwisho. Ikipita, mradi humpa mtu mwingine kazi ile ile, na yako hata ukiimaliza mara nyingi haina maana tena. Kazi zetu zilikuwa zinapita siku. Tulikuwa tunachoma umeme wa Ami kurudisha vitu ambavyo havitakiwi.

Niliyaona yote haya nikanyamaza.

Ndipo ikaja Jumamosi ile. Bwana Shee wa Siyu aliingia na flashi mkononi, anataka kuchapisha barua ya binti yake ya kuomba nafasi chuoni. Boti yake ilikuwa inaondoka, na boti ya Siyu lazima ipite mkondo wa Mkanda maji yangali yamejaa. Ami akachomeka flashi. Kimya. Akabonyeza. Kimya. Mshale wa skrini umeganda.

"Fumo! Kompyuta yangu imefanyaje?"

"Inafanya kazi, baba."

"Kazi ya nani?"

"Ya sayansi."

"Basi iambie sayansi," akasema Bwana Shee, "boti yangu yaondoka."

Na ikaondoka kweli. Barua ilipotoka kwenye printa, Bwana Shee alikuwa ameketi kwenye baraza ya nje, anampigia mkewe simu kumwambia atalala huku Amu. Hapo ndipo Ami alipoinyooshea kompyuta kidole.

"Nakwenda Mombasa kununua wino na karatasi," alisema. "Nikirudi nikiikuta bado yajikokota hivi, programu hiyo naing'oa kwa mkono wangu, na hakuna wa kuirudisha. Mumesikia?"

Fumo aliitika haraka. Kwake ulikuwa mchezo, ukiondoka huu atatafuta mwingine. Mimi nilirudi nyumbani nikakuta umelala na kitambaa cha maji ya moto gotini.

Kesho yake Bibi alinivuta kwenda kuchagua mchele wa harusi ya jirani. Unajua anavyofanya Bibi: gunia linafunguliwa, kila mwanamke wa mtaa anapewa sinia lake, wengine wanachagulia pale pale, wengine wanakwenda nalo nyumbani na kulirudisha likiwa safi, halina jiwe wala kapi. Bibi ndiye mgawaji. Bi Rukia akaingia kwa kishindo chake.

"Bi Mwanaesha, nipa sinia tatu. Mimi si mtu wa sinia moya!"

"Lile la yana li wapi?" Bibi akauliza.

"Li ndiani laya," akasema, akionyesha kwa mkono upande wa njia ya kwao.

"Na liye kwanza. Mtele ulioko kwako haupikiki."

Wanawake wakacheka. Bi Rukia akashika kiuno. "Wanitweza mbele za watu?"

"Sikutwezi, Rukia. Harusi i karibu. Nataka mtele uliokwisha, ule ulioko majumbani kwa watu hata hauniingii kwenye hesabu."

Mimi niliacha kuchagua. Mkono wangu ulikuwa umeshika punje na sikumbuki niliiweka wapi. Nilimwona Bi Rukia na masinia matatu aliyoyataka, na nikaiona mistari minane ya Fumo.

Bibi akanigeukia. "Nawe Maimuna, mbona umenyamaa kana kwamba mtele umekushitaki?"

"Si kitu, Bibi."

"Si kitu kina uso huo?"

Nikamweleza. Kwa sauti ndogo, na kwa kuruka ruka, lakini nilimweleza: kazi nyingi mno, mashine inachoka, hakuna inayofika kwa wakati, na Ami akirudi ataing'oa.

"Fumo ayayua haya?"

"Hajui."

"Wewe wayayua tangu lini?"

"Tangu kabla Bwana Shee hajakosa boti."

Bibi akaweka sinia chini. "Shee amelala Amu, mui si wake, nawe wayua sababu, ukaketi?"

"Niliogopa Fumo atanicheka."

"Na akuteke! Kuteka kwake kutakuvunda mfupa? Mambo ya kompyuta mimi siyayui, wala sitaki kuyayua. Nayua kuwa umeona na hukunena. Inuka. Sinia lako nitamaliza mimi."

Aliyasema mbele ya wanawake wote, Sauda. Masikio yaliniwaka moto. Nilitaka kuingia ndani ya gunia. Lakini mguu ulikwenda, na nadhani ulikwenda kwa sababu kubaki pale na Bi Rukia akinitazama kulikuwa kubaya zaidi kuliko Fumo.

Nilimkuta Fumo dukani anakula mahamri juu ya kibodi.

"Punguza thredi," nikasema.

"Ai, profesa! Salamu hamna?"

"Punguza. Nane ni nyingi."

"Nane ni zaidi ya nne. Hata Sauda analijua hilo, na yuko darasa la tano."

"Zinazokwenda ni nane. Zinazofika ni ngapi?"

Akaweka hamri lake chini. Halafu akacheka, kama nilivyojua atacheka. Nikangoja amalize. Haikuchukua muda mrefu, na mifupa yangu yote ilikuwepo. Nikamwambia tupime. Tuiache na nane, halafu nne, halafu sita, na tusihesabu mistari kwenye skrini, tuhesabu kazi zilizorudi na kupokelewa na mradi. Akasema sawa, na kwamba nikishindwa nitamfulia kanzu zake mpaka Idi.

Kwanza tulifungua sanduku tukasafisha feni kwa brashi ya rangi. Vumbi lililotoka lilikuwa kama pamba. Kisha tukapima.

Kwa thredi nane, kila kazi ilijikokota, nyingine zikachelewa kabisa. Kwa nne, kila kazi ilikwisha kwa muda uliozidi kidogo tu nusu ya ule wa kwanza, RAM ilibakiwa na nafasi, hakuna iliyochelewa, na hesabu ya zilizopokelewa ikaipita ya nane. Kwa sita zilipokelewa zaidi kidogo kuliko nne, lakini adhuhuri chumba kikipata joto feni ilianza kupiga kelele na mwendo ukashuka, na mteja akiingia unaona mshale unasitasita. Fumo alizihesabu tena kwa kidole.

"Sasa nane ni za nini, kama hazifai?" akauliza, na safari hii hakuwa anacheka.

"Zinafaa kwa mashine yenye RAM kubwa na chumba baridi. Si hii."

Tukaamua: nne duka likiwa wazi, sita likifungwa na joto likipungua. Kanzu zake hakunikumbusha tena.

Ami aliporudi na maboksi yake, hakuuliza kitu. Alikaa, akafungua faili ya mteja aliyekuwa anangoja pale, akachapisha. Karatasi ikatoka kabla mteja hajamaliza kumsalimia. Akafungua nyingine. Ikatoka.

"Mumeiondoa programu. Vyema."

"Ipo, baba," akasema Fumo.

"Ipo wapi?"

"Ipo humo humo, yafanya kazi sasa hivi."

Ami akatugeukia. "Nani aliyeitengeneza?"

Fumo akanitazama mimi. Angeweza kusema "sisi," na nilikuwa naomba aseme hivyo. Hakusema. Basi nikamweleza Ami yote, viini na thredi na RAM na joto, sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumwambia tangu nizaliwe. Mwishoni nikamwambia pia kwamba ni hesabu za selimundu, na ni kwa ajili yako. Hilo Fumo alikuwa hajamwambia.

Ami alikigeuza kiti chake kwenye kompyuta. Akafuta skrini kwa kiganja ingawa haikuwa na kitu.

"Kumbe una sauti," akasema. "Basi iwepo. Lakini kuanzia yeo nikiona mteja angoja, simwiti Fumo. Nakwita wewe."

Sasa atakuita wewe, mwanangu, na nasaha yangu ndiyo hii.

Ukikaa kwenye kiti kile, usivutwe na wingi wa vitu vinavyosogea kwenye skrini. Fungua ukurasa wa kazi zilizopokelewa, hesabu hizo, na nyinginezo zisikusumbue. Feni uisafishe, Fumo hatakumbuka. Siku Ami akinunua kompyuta nyingine, namba yangu usiinakili. Nne ni ya mashine hii na chumba hiki. Ile mpya uipime upya, kwa kuongeza kidogo kidogo, na pale utakapoona ukiongeza thredi kazi zinazorudi haziongezeki, rudi nyuma hatua moja ukae hapo. Na kazi usizoweza kuzimaliza kwa wakati usizichukue, kuna mtu mahali fulani atakayeziweza.

Na ukiona kitu kinakwenda vibaya, sema siku hiyo hiyo. Mimi bado naona taabu kusema, sitakudanganya kwamba nimepona. Lakini kucheka kwa watu kunakwisha haraka, nimekupimia hilo pia.

Sijui kama kipande chochote tulichorudisha kitafika mpaka kwenye mwili wako. Huenda kitamfikia mtoto wa mtu mwingine, baada ya sisi wote kuzeeka, na hilo pia naliombea. Mwenyezi Mungu akujaalie damu inayopita bila kukwama na viungo visivyouma, akupe asubuhi nyingi za kuamka ukakimbia, na sauti ya kuita mapema pale unapohitaji mtu. Amina, mdogo wangu. Amina, mwanangu.