Mioto Miwili Kiwanjani

Mimi sina subira na mtu anayemfundisha rubani kazi. Siku ile abiria aliyekaa nyuma yangu alianza kunifundisha tangu tulipopita Ihanja.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara imefunguliwa, kampuni za watu binafsi zinarusha ndege ndogo hadi mikoani. Yangu ilikuwa na viti tisa. Abiria huyo, mfanyabiashara wa Singida mjini, alikuwa safarini alipopata habari asubuhi kwamba baba yake amefariki huko nyumbani. Ndugu walikubali kumngoja hadi alasiri, basi. Yeye ndiye mtoto mkubwa, alitaka kumlaza baba kaburini kwa mikono yake.

Kiwanja cha Singida kilikuwa cha changarawe. Kitambaa cha kuonyesha upepo kilishararuka zamani, hivyo mlinzi akisikia mngurumo wetu huwasha majani mabichi kila mwisho wa kiwanja, nasi tunasoma moshi. Tulishazoea.

Tulipokaribia, wingu jeusi kutoka upande wa Mtinko lilikuwa limekiinamia kiwanja, radi zinapiga, mvua inaning'inia bila kufika chini. Tuliliona gari la familia, watu wanapunga mikono.

"Si unaona? Pakavu kabisa! Shuka, kijana."

Nikautazama moshi. Wa huku ulilala kutujia sisi, wa kule ulilala kwenda mbali. Lahaula! Upepo ulikuwa unamwagika kutoka winguni, unapiga katikati ya kiwanja na kutawanyika, kama ndoo ya maji iliyomwagwa sakafuni. Ukiingia hapo ndege hunyanyuliwa kwanza, ukapunguza nguvu ya injini, halafu upepo unakugeukia mgongoni na kukukandamiza chini. Hupati muda wa kujuta.

Nikazunguka juu ya Unyambwa nusu saa nzima. Moshi ulibaki vilevile, na mafuta yakawa ya kutufikisha Dodoma tu.

"Nageuka," nikasema.

"Nakuomba, kijana. Baba yangu yuko pale." Akanishika bega. "Siku ya kufa haikwepeki!"

"Haikwepeki, mzee wangu, lakini haifuatwi. Nyuma yako wamo watu saba. Funga mkanda."

Nikautoa mkono wake begani, nikageuka. Ndege ilirushwarushwa hadi tukalipita wingu. Alilia njia nzima, nami nilisikia kila kitu, kwa sababu hapakuwa na mlango kati yetu.

Dodoma alishuka, akasimama mbele yangu.

"Angekuwa baba yako, je?"

"Ningegeuka."

Akauliza kibla iko wapi. Nikamwonyesha kwa dira: kaskazini, mashariki kidogo. Akavua viatu kando ya ndege, akamswalia baba yake akiwa mbali naye, abiria wawili wakasimama nyuma yake. Nilimwonea huruma.

Alipomaliza nilimpa pole, akaipokea. Radhi sikumwomba, na hata leo siombi.