Wifi na Vihenge vya Ngano

Siku ya pili ya safari, wifi yangu alianza kunielezea picha ambazo mimi mwenyewe nilikuwa naziona. Tulikuwa mashambani Australia, watu watatu wa Maskati: mimi, mume wangu, na dada yake huyo, mjane mwenye fleti mtaa wa Wattaya na maneno ya kujaza fleti nne. Tulisimama mbele ya kihenge cha kuwekea ngano, mnara wa zege mrefu kushinda mnara wa msikiti wetu. Kilikuwa kimechorwa juu mpaka chini: mzee wa kofia, mbwa miguuni pake. Wifi akanishika kiwiko.

"Hapo wamechora mzee," akaniambia polepole, kwa sauti ya kusemea wagonjwa. "Na mbwa."

Nilimwambia mzee namwona na mbwa namwona. Akanipapasa mkono, akasema alhamdulillah.

Nimefundisha sanaa katika skuli za Maskati miaka ishirini na minane. Nimewaketisha wanafunzi juani, daftari mapajani, wachore zile sanamu kubwa za madele ya kahawa na vyetezo vya ubani zilizosimamishwa kwenye raundabauti zetu, na siku zote niliwaambia jambo moja: jicho kwanza, mkono baadaye. Mwaka jana daktari akaniambia nina presha ya macho. Imeshaanza kunila uoni wa pembeni, na matone yatachelewesha tu, hayatarudisha. Mume wangu alikuwa amekaa kando yangu, akasikia yote. Daktari akasema kama kuna kitu nataka kukiona nisikiweke kiporo.

Nami nilikuwa nacho. Vile vihenge vya Australia, mji hadi mji katikati ya ngano, nilikuwa nikiwaonyesha wanafunzi kwenye skrini kila mwaka. Mume wangu akasema twende, tukodi gari na karavani, tulale njiani. Nililia kwa furaha, mjinga mimi. Wiki moja kabla ya kuondoka ndipo akaniambia dada yake naye anakuja.

Karavani ilikuwa na vitanda vitatu vyembamba, jiko la kuchezea, na mlango ambao sikuruhusiwa kuufungua mwenyewe. Wifi alinihesabia ngazi, nazo ni mbili. Alinimiminia chai nusu kikombe nisije nikajiunguza. Nikishika kisu nikate vitunguu, anakichukua. Mimi na yeye tuna utani wetu wa miaka thelathini: yeye hunikumbusha pilau niliyoiunguza siku ya kwanza nyumbani kwao, mimi humwambia anavyokoroma hata jirani hulalamika. Safari hii hakunitania hata mara moja. Mtu aliyeacha kukutania ameanza kukuhurumia, na huruma ile ilinichemsha damu.

Mume wangu aliendesha. Kila akitaka kukata kona aliwasha waipa, kwa kuwa kule vijiti vya usukani vimebadilishana upande, na tukavuka mashamba makavu ya mabua na kondoo tukifuta kioo kisicho na tone la mvua. Getini kwa wakulima palikuwa na masanduku ya barua ya mapipa, yamepakwa rangi yakawa nguruwe na mapolisi. Pahala pamoja palisimama ng'ombe aliyeungwa kwa majembe ya trekta na minyororo, kazi ambayo wachomeleaji wa karakana za Ghala, kwetu Maskati, wangeacha moto wao waje kuitazama. "Ng'ombe," wifi akanitangazia. "Wa chuma." Mume wangu hakupunguza hata mwendo. Alitoa simu dirishani, akapiga picha, akasema nitaitazama vizuri nyumbani.

Siku ya tano, kwenye kituo cha petroli, wifi alininyanyua kutoka kwenye kiti cha gari kama ananyanyua gunia. Nikaung'oa mkono wangu.

"Niache! Unanisomea talkini ya maiti nami ni hai!"

Alimtazama kaka yake, na kwa mtazamo ule nikajua kuna jambo limepangwa. Mume wangu aliuangalia usukani.

"Mimi ndiye niliyemtuma," akasema. "Atahamia kwetu, inshallah. Nimetaka mzoeane mapema, naye ajifunze."

Atalala wapi, nikauliza. Mume wangu akasema chumba wameshakipima, kitanda chake kitaenea. Nyumba yetu ina chumba kimoja tu cha kumpa mtu, na hicho ndicho ninachochorea. Safari yangu ya kuaga macho ilikuwa mafunzo ya yaya, na mimi ndiye mtoto wa kufanyiwa mazoezi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini hawa walikuwa wameniingiza kaburini kabla ya kufa.

Kesho yake tukafika vihenge vya mwisho, vinne kwa safu, picha moja imevipitia vyote. Mwanamme ananawa uso kwenye karai baada ya mavuno. Nilisimama mbele yake nusu saa. Mume wangu akasema karavani inatakiwa kurudishwa. Nikamwambia asubiri, nikamwita wifi.

"Njoo hapa. Kama utakuwa macho yangu, jifunze kutazama. Unaona nini?"

"Mwanamme ananawa uso."

"Anza tena."

Akasema kuna maji. Nikamuuliza rangi gani, akajibu maji hayana rangi. Nikamwambia aanze tena. Akaanza kulia, na sikumhurumia, nilimngoja alie amalize. Akatazama tena. Akaona kijani kwenye kivuli cha kidevu. Akaona vumbi limebakia nyuma ya sikio, ambako maji hayajafika. Sauti yake ya wagonjwa ilikuwa imekwisha.

"Na mkewe anamcheka," akasema.

Nikamuuliza mke gani.

"Huyo hapo kushoto, kihenge cha mwisho. Kakaa juu ya ndoo, kashika taulo."

Niligeuza kichwa, nikageuza na mabega. Alikuwepo, mrefu kama nyumba ya ghorofa tatu, taulo mapajani, anacheka mdomo wazi. Nusu saa nzima nilikuwa nimeitazama picha ile, mimi mwalimu, na sikumwona.

Mume wangu alikuwa ameshusha simu aliyokuwa akipigia picha. Nilikuwa bado na hasira nao wote wawili, na nilimkamata wifi kiwiko kwa nguvu mpaka akakunja uso.

"Anza tena," nikamwambia. "Anzia kwa mwanamke."