Bafu la Bosi Tak na Usingizi Wake Mtamu

Bosi Tak alinipigia simu kunishukuru kwa sababu wateja wake walikuwa wanazimia.

Yeye hakusema wanazimia. Alisema wanalala fofofo.

"Fundi Ban, hilo boila lako ni dawa. Akina mama wakiingia chumba cha joto tu, kimya. Wengine mpaka niwatumie mtu wa kuwatingisha. Sasa hivi natangaza kwamba usingizi mtamu mji mzima wa Gunsan uko kwangu."

Nilikuwa kwenye gari nakula tambi. Zikanikwama.

Kazi yangu ni kufunga maboila ya gesi, yale makubwa ya mahoteli na mabafu ya umma. La Tak nilikuwa nimelifunga kabla baridi haijakaza. Nilipaka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha gesi, hakuna kilichotoa kiputo. Nikapima moshi, safi. Bomba la moshi nikalitoa juu ya paa, mdomo ukiwa mbali na feni inayovuta hewa kupeleka ndani.

Boila halimlazi mtu. Kinachomlaza ni moshi wake, ule usio na rangi wala harufu. Ukiuvuta unalala vizuri tu, tatizo ni kuamka.

"Bosi, zima boila," nikamwambia. "Toa watu, fungua milango, piga 119 zima moto waje."

"Saa hizi? Kumejaa. Hata mama yangu yumo, kalala."

"Kengele ya gesi niliyokufungia haijalia?"

Akajikohoza. "Ile ilikuwa inalia kila mara, inawasumbua waliolala. Nikaitoa betri."

Mtu mwenye huruma sana, huyu Tak.

Tusi nililomtolea siliandiki hapa, maana mama yangu anasoma hizi posti. Ila boila alizima, na 119 akapiga.

Nilipofika, zima moto walikuwa bado. Tak kasimama mapokezi, anawaomba wateja radhi kwa usumbufu. Nikampita. Faida ya fundi kuwa mwanamke ni hiyo, upande wa akina mama naingia bila kubisha hodi.

Chumba cha joto kilikuwa kimetulia kuliko hekalu. Akina mama wamelala kwenye mikeka, taulo zimefungwa kichwani, maganda ya mayai waliyokula pembeni. Mashavu mekundu. Wamependeza kweli.

Nikaegesha mlango wazi kwa ndoo, nikaanza kuburuta mikeka. Mmoja akafumbua jicho.

"Dada, niache bado kidogo," akasema, kisha akanitapikia viatu.

Wengine waliamka wakatambaa wenyewe. Bibi Tak, mama yake bosi, hakuamka. Nikampiga kofi. Hola. Nikamshika miguu, nikamburuta mpaka koridoni na taulo lake la kichwani, nguo yake pekee. Nikamfunika koti langu.

Tak akamwona. Akapiga magoti, akaanza kumsugua mikono. "Mama. Mama, amka basi."

Zima moto wakaingia na oksijeni, wakambeba, polisi nyuma yao.

Tak akanigeukia mbele ya polisi. "Boila lako limetaka kuniulia mama."

Dawa imeshakuwa sumu, na umiliki umebaki kwangu.

Lakini sikucheka. Nilijiuliza kama kuna kiungo nilikiruka. Nikamwomba polisi tupande paa pamoja.

Bomba langu lilikuwa limegeuzwa. Mtu kaliongezea kona, kakaza kwa waya, na mdomo sasa ulikuwa unaitazama feni ya hewa. Moshi unarudi ndani, watu wanauvuta, na boila nalo linauvuta hukohuko linazidi kuchoma vibaya. Pale mdomo wa zamani ulipokuwa umeelekea palipangwa mitungi ya mchuzi wa soya, ule unaoachwa juani miaka mpaka uchachuke, mifuniko inang'aa.

"Nani anapanda huku?" polisi akamuuliza Tak.

Tak akaitazama ile mitungi. "Mama tu," akasema.

Bibi Tak alizinduka hospitali. Hakuficha kitu.

"Nililigeuza mimi. Lilikuwa linadondoshea mitungi yangu maji machafu. Huo mchuzi nimeuanza mume wangu yuko hai. Nikamwita muuza vyuma chakavu, akanisaidia."

"Bibi, ulikuwa unajipulizia sumu mwenyewe," nikamwambia.

Akafikiri kidogo. "Mchuzi umeharibika?"

"Haujaharibika."

"Basi."

Wote walipona. Nikarudisha bomba, nikalizungushia wavu, mitungi ikahamia upande wa pili. Kengele mpya nikaiunga na umeme wa ukutani, maana betri na huruma ya Tak haviwezi kukaa nyumba moja.

Unadhani nilishukuriwa? Akina mama wanalalamika kwamba bafu siku hizi halilazi kama zamani. Tak anawaambia fundi aliliharibu. Na Bibi Tak hataki kuniona. Kila anayemkuta anamsimulia jinsi nilivyomburuta uchi mpaka koridoni.

Msomaji wangu, kengele ya gesi ikilia, usiifundishe adabu. Toka nje na watu wako, ndipo upige simu. Na bomba la paani likikukera, muulize fundi kabla hujaligeuza.

Bora Bibi Tak anisengenye mwaka mzima, mradi sauti ya kunisengenyea anayo.